Mizani ya Mikese na hesabu ya mirathi: Nilivyojisomea Sayansi ya Kompyuta

Katika orodha ya masomo ya mtihani wa Kidato cha Sita, Sayansi ya Kompyuta imo, kwa namba 136, karibu na Fizikia, Kemia na Biolojia. Somo hilo lina muhtasari wake, lina fomati iliyotangazwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, na lina mtihani wa nadharia na wa vitendo. Kinachokosekana aghalabu ni mwalimu. Wazazi wengi hawalijui hilo hadi mtoto ameshavaa sare, ada imeshalipwa na muhula umeshaanza.

Ukiitazama historia hutastaajabu. Kompyuta ya kwanza hapa nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, lakini mwaka 1974 Serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake, na zuio hilo halikuondoka kabisa hadi miaka ya 1990. Kizazi ambacho kingepaswa kuwa walimu wa walimu wetu kilikua bila kuigusa mashine yenyewe. Na kijana anayeijua vyema leo hupata kazi benki au katika kampuni ya simu kabla vumbi la chaki halijamtoka vidoleni. Simlaumu, naye ana wazazi wa kuwatunza.

Sisi tulimpata mmoja kwa miezi miwili. Nilianza Kidato cha Tano Julai 2016 katika shule moja ya kutwa mjini Morogoro, tahasusi ya Fizikia, Hisabati ya Juu na Sayansi ya Kompyuta. Tulikuwa watatu, wavulana wawili nami. Mwalimu alitufundisha kuhesabu kwa sifuri na moja, akatuandikia ubaoni programu ya kwanza katika lugha ya C++, kisha Septemba akaaga. Hakuletwa mwingine. Tulishauriwa kuhamia Jiografia tungali na wasaa. Mmoja wetu alihama.

Nyumbani kwetu ni Mikese, kiasi cha kilomita 30 mashariki mwa mji wa Morogoro, kando ya barabara kuu iendayo Dar es Salaam. Baba ni mstaafu wa gengi la reli. Mama wakati huo alikuwa akiuza mihogo ya kuchemsha na chai kwa madereva wa malori pale mizani. Nilipoleta habari ya kukosa mwalimu, baba hakutaka kuamua peke yake; kwetu Waluguru neno la mjomba juu ya watoto wa dada yake halipuuzwi. Mjomba akaitwa, akaja baada ya Isha, akasikiliza hadi mwisho bila kukatiza.

"Mwanangu," aliniambia, "kusoma peke yako si aibu. Hata Qur'ani mtu hufungua akasoma peke yake. Lakini ipo sababu tunampeleka mtoto chuoni akae mbele ya mwalimu. Ukiwa peke yako, nani atakayekusahihisha?"

Sikuwa na jibu. Nimelitafuta jibu la swali hilo kwa miaka miwili, na sehemu kubwa ya ninayoyaandika hapa ni yale niliyoyakuta njiani.

Mama ndiye aliyeomba niachwe hadi Desemba. Kama kufikia likizo nisingekuwa na kitu cha kuonyesha, ningehama. Baba alichota shilingi 280,000 katika kilichobaki cha kiinua mgongo chake, akanunua Kariakoo kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika. Aliweka sharti moja: ikae sebuleni, uso wake uelekee mlangoni, kila apitaye aone kilichomo. Nililikubali sharti hilo bila kinyongo na leo ningelipendekeza kwa mzazi yeyote. Lilikuwa na faida ambayo hata baba hakuikusudia, kwamba kila mtu nyumbani alizoea kuuliza, "Hapo inafanya nini?" nami nikalazimika kueleza kwa Kiswahili.

Niwaeleze wasioijua kazi hii. Programu ni maagizo yaliyopangwa kwa hatua. Unaiambia mashine iweke thamani fulani mahali penye jina fulani, ifanye hesabu, ipime sharti, irudie, iandike jawabu. Mashine haikisii dhamiri yako. Ukiacha alama ya nukta mkato mwishoni mwa mstari wa 11, kompaila, yaani ile programu inayoyafasiri maandishi yako kuwa lugha ya mashine, hukataa kazi yote na aghalabu hulalamikia mstari wa 12. Hapo nilipata nusu ya jibu la mjomba. Kwa makosa ya maandishi, msahihishaji yupo, mkali, hachoki wala hana upendeleo. Kwa makosa ya fikra hayupo. Programu inaweza kupita bila lalamiko hata moja na ikatoa jawabu la uongo kwa utulivu kabisa.

Kwa hiyo kazi yangu kubwa ilikuwa kujizoeza kuitilia shaka programu kabla ya kuiamini. Njia iliyonifaa kuliko zote haikuhitaji umeme, na hilo ni jambo la maana Mikese, ambako umeme unaweza kukatika baada ya Magharibi ukarudi watu wamelala. Nilikuwa nachora jedwali katika daftari, kila safu ikiwa na jina la thamani moja, kisha naitembeza programu mstari kwa mstari kwa kalamu, nikiandika kila thamani inavyobadilika. Programu ya mistari ishirini inaweza kula kurasa mbili. Mwenzangu aliyebaki katika somo aliiona kazi hiyo kuwa ya kizee. Lakini mtihani wa nadharia huandikwa kwa kalamu, na maswali ya kueleza programu fulani itatoa nini ndiyo jedwali lenyewe hilo.

Mifano ya vitabuni ilikuwa ya viwanja vya ndege na akaunti za benki. Ilinichosha, kwa kuwa nililazimika kujifunza mambo mawili kwa wakati mmoja. Mfano wangu wa kwanza niliouelewa hadi ndani ulitoka kwa mama. Nilikuwa nimekwama kwenye masharti yanayounganishwa kwa "na" na yanayounganishwa kwa "au", akaniuliza kinachonisumbua. Nilipomweleza, alicheka.

"Hayo mbona ya mizani," akasema.

Kisha akanieleza anayoyaona kila siku. Lori huruhusiwa kupita kama uzito wake wote hauzidi tani 56, na pia kama hakuna mhimili uliozidishiwa. Mhimili mmoja wenye matairi manne mwisho wake ni tani 10. Dereva anaweza kuwa na tani 50, akafurahi, kumbe mzigo umelalia nyuma na mhimili mmoja umezidi. Huyo hapiti. Mama hajapata kukaa mbele ya kompyuta, lakini alikuwa ameona madereva wangapi wakibishana juu ya tofauti ya "na" na "au"! Kupita kunahitaji masharti yote mawili yatimie. Kuzuiwa kunatosha moja lisitimie. Usiku ule niliandika programu ya mizani. Nikaongeza foleni: maadamu lori bado lipo, pima, likiisha, simama. Huo ndio mrudio, jambo ambalo kitabu kilitumia sura nzima kulieleza. Desemba ilipofika niliionyesha programu hiyo mbele ya mjomba. Aliiingizia mwenyewe uzito wa malori matano, akijaribu kuikamata kwa hila, haikukamatika. Suala la Jiografia halikutajwa tena.

Vitabu tulivitafuta mjini. Siku za Jumamosi mama aliacha biashara yake saa nne asubuhi, tukapanda daladala hadi Msamvu, akaketi kwenye benchi nje ya duka la intaneti nami nikiwa ndani kwa saa moja niliyoilipia. Nilikuwa nakwenda na orodha iliyoandikwa tayari, kwa kuwa saa moja ni fupi na intaneti ni soko lenye kelele. Nilipakua muhtasari, fomati, karatasi za mitihani iliyopita na vitabu vinavyotolewa bure, nikavibeba kwa flashi. Wapo majirani waliomuuliza mama anakosaje mauzo ya Jumamosi kwa sababu ya mtoto wa kike. Aliwajibu kwamba mihogo haiozi kwa siku moja.

Sasa nifike kwa ustadhi.

Ustadhi wa madrasa niliyosoma nikiwa mdogo alikuwa akifundisha mirathi kwa vijana wakubwa baada ya Alasiri. Aliposikia kwamba nasomea somo la kompyuta alinieleza jambo ambalo sikulikuta katika kitabu chochote cha shule. Neno ambalo Wazungu hulitumia kwa hatua za kutatua tatizo, algoriti, limetokana na jina la Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9. Kitabu chake cha al-jabr, ambacho kiliipa aljebra jina, kina sehemu kubwa inayoshughulikia wasia na mirathi. Ustadhi hakulisema hilo kwa majivuno. Tumezoea kujisifu kwa majina ya wazee wetu ilhali hesabu zao hatuziwezi, na yeye hakuwa mtu wa hivyo. Alinipa suala moja akaniambia nilipe mashine yangu.

Mwanamke amefariki, ameacha mume na dada wawili wa baba mmoja na mama mmoja. Hana mtoto, hana wazazi. Mume fungu lake ni nusu. Dada wawili fungu lao ni theluthi mbili.

Nilianza na sehemu zenyewe, na hapo C++ ilinifunza tabia yake. Katika lugha hiyo, ukiigawa namba nzima kwa namba nzima unapata namba nzima, na kinachobaki kinatupwa. Moja gawa kwa mbili ni sifuri. Mbili gawa kwa tatu ni sifuri. Kwa mashine ile, mume hapati kitu, dada hawapati kitu, na mali yote haina mwenyewe. Ipo dawa ya kutumia namba zenye desimali, lakini theluthi katika desimali haina mwisho, na shamba haligawanywi kwa namba isiyo na mwisho. Nilipomweleza ustadhi, alinionyesha kwamba wanavyuoni wa mirathi hawagawi hivyo. Wao hutafuta kwanza asili ya suala, yaani namba ndogo inayogawika kwa mafungu yote, kisha kila mrithi hupewa hisa nzima kutoka humo. Hapa asili ni 6. Mume hisa 3, dada hisa 4. Namba nzima tupu, hakuna kinachotupwa. Njia ya wazee ndiyo iliyokuwa bora kwa mashine.

Lakini 3 na 4 ni 7, nayo asili ni 6. Ustadhi alikuwa akilingojea hilo. "Mali imekuwa ndogo kuliko haki," akasema. "Mashine yako itamnyima nani?"

Jawabu la wanavyuoni huitwa aul. Hupokewa kwamba suala la namna hii lilitokea wakati wa ukhalifa wa Umar bin al-Khattab, Allah amridhie, akashauriana na Maswahaba, ikakubaliwa kwamba asili ipandishwe hadi ifikie jumla ya hisa, ili upungufu umguse kila mmoja kwa kadiri ya fungu lake. Ingawa Ibn Abbas alikuwa na rai nyingine. Basi asili inakuwa 7: mume 3, kila dada 2. Katika programu ni mstari mmoja tu: kama jumla ya hisa imezidi asili, asili na iwe sawa na jumla. Niliuandika mstari ule, nikaujaribu kwa masuala tisa aliyonipa, nikiyafanya kwanza kwa mkono katika jedwali langu. Hapo ndipo nilipopata nusu ya pili ya jibu la mjomba. Makosa ya fikra husahihishwa na mtu anayelijua jambo lenyewe, hata kama haijui kompyuta. Mama aliijua mizani, ustadhi aliijua mirathi. Walimu niliokuwa nawakosa shuleni walikuwa wawili, nao walikuwa Mikese.

Desemba 2017, kaka yao mkubwa mama na mjomba alifariki dunia. Allah amrehemu. Aliacha mjane, binti wawili, na ndugu zake hao wawili wa baba mmoja na mama mmoja. Baada ya deni na gharama za maziko, mjomba mwenyewe ndiye aliyesema niitwe na programu yangu, ustadhi akiwapo kuhakiki. Hesabu haikuwa ngumu. Mjane thumuni, binti theluthi mbili, kinachobaki ni cha ndugu, mwanamume mara mbili ya mwanamke. Asili inafika 72: mjane 9, kila binti 24, mjomba 10, mama 5.

Ugumu ulikuwa kabla ya hesabu. Marehemu alikuwa akilima shamba la michungwa kule Kinole, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru. Kwa mila yetu ardhi ya mlimani ni ya ukoo, nao ukoo hufuata upande wa mama. Mjane na binti zake ni wa ukoo mwingine. Mjomba alisema ardhi ile haikupata kuwa mali ya marehemu, kwa hiyo hairithiwi. Mjane, kwa sauti ya chini, alisema kwamba michungwa yote marehemu aliipanda kwa mikono yake, naye alikuwa akimchotea maji. Wote walinitazama, kana kwamba mashine iliyoletwa na daladala ingelijua hilo. Nilichokuwa nacho ni kisanduku kitupu kinachouliza, "Jumla ya mali?"

Sikuandika kitu. Mazungumzo yalichukua siku tatu, wazee wa ukoo wakaitwa, ustadhi akawauliza maswali mengi kuliko aliyowajibu. Mwishowe ilikubaliwa kwamba ardhi irudi kwa ukoo na michungwa ithaminiwe, thamani yake iingie katika mirathi. Mjomba alikuwa na hisa 10 tu katika fedha ile. Kama angeshikilia neno lake la kwanza, shamba zima na miti yake lingekuwa chini ya mkono wake. Hakushikilia. Ndipo nikaingiza namba, na kazi ya programu ilichukua muda mfupi kuliko wa kuisimulia.

Mtihani ulikuwa Mei 2018. Sitaki wazazi wadhani kwamba mambo haya yanatosha kufaulu. Mtihani una mambo yake: fasili zinazotakiwa kwa Kiingereza sanifu, sura za mitandao na mifumo ya taarifa ambazo hakuna mizani wala mirathi ya kuzieleza, na mtindo wa majibu ambao mwalimu mzoefu angetupa kwa wiki moja nasi tuliutafuta kwa miezi katika karatasi za miaka ya nyuma. Mimi na mwenzangu tulisahihishana kila siku baada ya vipindi, mlango wa darasa ukiwa wazi na binti mmoja wa tahasusi nyingine akijisomea humo humo. Yeye alikuwa mwepesi kwenye mashine kuliko mimi. Nyumbani kwao hapakuwa na kompyuta wala mtu wa kumwachia muda. Jioni aliuza vocha stendi.

Matokeo yalipotoka Julai, nilikuwa na B katika Sayansi ya Kompyuta, C katika Hisabati na D katika Fizikia. Mwenzangu alipata E katika Kompyuta. Nimeyaeleza hayo kwa jirani aliyeniambia kwamba mtoto mwenye akili hahitaji mwalimu. Nilimuuliza kompyuta ya baba, benchi la mama pale Msamvu na Alasiri za ustadhi ziwekwe katika safu gani ya jedwali.

Mzazi anayemtafutia mtoto shule yenye somo hili aulize mambo matatu kabla ya kulipa: nani analifundisha na amekaa hapo muda gani, chumba cha kompyuta hufunguliwa saa ngapi kwa wiki, na mwaka uliopita watahiniwa wangapi walilifanyia mtihani. Asiridhike kwa kuonyeshwa mashine zilizofunikwa vitambaa.

Programu ya mirathi bado ninayo, imehamia katika mashine nyingine. Inajua aul, inajua kuwarudishia wenye mafungu kilichozidi, inajua nani humzuia nani. Suala la babu pamoja na ndugu wa marehemu sijaliandika, kwa kuwa Maswahaba wenyewe walihitilafiana juu yake, na ustadhi ameniambia nisiguse kitufe hata kimoja mpaka nimpelekee daftari lenye rai zote, kila moja katika jedwali lake. Nimefika ya pili.